Mtoto anapolelewa nje ya nyumbani: Utafiti unasema nini kuhusu makuzi yake

KABLA ya jua kuchomoza katika mitaa ya Mukuru, Mathare na Korogocho jijini Nairobi, akina mama huonekana vichochoroni wakiwa na watoto mgongoni na mfuko mdogo mkononi. Ndani ya mfuko huo mna nepi, nguo za kubadilisha na uji katika chupa. Mtoto huachwa katika chumba cha mabati ambacho wenyeji hukiita 'bebi kea', ada ya siku hulipwa papo hapo, na mama hushika njia kuelekea viwandani, sokoni au katika nyumba za wenye uwezo anakofua nguo na, mara nyingine, kulea watoto wa wenzake.

Mwajiriwa wa ofisini anayeishi Buruburu au Nyali hana tofauti kubwa na mama huyo, ila yeye ana nafasi ya kuchagua. Anaweza kumwajiri yaya wa kulala, yaya wa kutwa, au kumpeleka mtoto katika kituo chenye bembea na picha ukutani. Hata hivyo, wote wawili hurudi nyumbani jioni na swali moja: je, mtoto anayelelewa na mtu mwingine mchana kutwa anapoteza nini, na anapata nini?

Swali hilo limechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne. Majibu yaliyopatikana hayawafurahishi sana wale wanaowalaumu akina mama kwa kwenda kazini, wala hayawafurahishi wenye vituo wanaojinadi kwamba mtoto wa miezi mitano anahitaji 'masomo'. Athari za malezi ya nje ya nyumbani hutegemea zaidi mambo mawili: ni nani hasa anayemshika mtoto, na malezi hayo yamechukua nafasi ya malezi ya aina gani.

Hofu iliyopo kuhusu malezi ya aina hii ina chimbuko lake. Mnamo 1951, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani (WHO) ripoti kuhusu watoto waliopoteza makao baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na kulelewa katika taasisi. Alieleza kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu, wenye upendo na usiokatizwa, kati yake na mama au mtu wa kudumu anayeshika nafasi ya mama. Sehemu hiyo ya mwisho husahauliwa mara nyingi. Maneno yaliyoandikwa kuhusu watoto waliotengwa kabisa na familia zao yalichukuliwa na kupachikwa kwa watoto wanaoachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti.

Aliyeendeleza kazi ya Bowlby ni Mary Ainsworth, na ni hapa Afrika Mashariki alikoanzia. Mwanasaikolojia huyo alifika Kampala mwaka wa 1954 akiandamana na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti iliyokuwa Makerere. Alizitembelea familia katika vijiji vya Waganda karibu na mji huo, akawaangalia akina mama 26 wakiwanyonyesha, wakiwaogesha na kuwatuliza watoto wao. Kitabu alichokiandika kuhusu watoto hao kilichapishwa mwaka wa 1967.

Jambo moja katika kitabu hicho lingali na uzito. Akina mama ambao watoto wao walionekana kuwa na utulivu, wale waliolia mama akiondoka lakini wakanyamaza na kurudi kucheza aliporejea, walikuwa ndio hao hao waliokuwa hodari wa kusimulia habari za watoto wao. Walijua mtoto amelala saa ngapi, anapenda kushikwa vipi, na kilio kipi ni cha njaa na kipi ni cha usingizi. Mtoto alifungamana na mtu aliyemsoma na kumwitikia.

Utafiti uliofanywa humu nchini uliongeza jambo jingine. Herbert na Gloria Leiderman, waliochapisha matokeo yao mwaka wa 1974, walichunguza watoto wachanga katika jamii ya Wakikuyu kwenye nyanda za juu za Kenya, ambapo baadhi walilelewa hasa na mama na wengine na mama pamoja na walezi kadhaa. Watoto waliolelewa na wengi hawakukosa kufungamana na mama zao. Walifungamana na mama na pia na walezi wale wengine. Miaka mitatu baadaye, Thomas Weisner na Ronald Gallimore walieleza jinsi dada na kaka wakubwa wanavyobeba jukumu la kulea wadogo zao katika jamii nyingi za ulimwengu. Weisner alikuwa amefanya utafiti wake miongoni mwa Waluhya wa Magharibi mwa Kenya.

Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga. Kwa hivyo, dhana kwamba mtoto wa Kiafrika alilelewa na mama peke yake hadi hapo vituo vilipozuka haina msingi. Nyanya, shangazi, jirani na dada wa miaka minane walikuwepo. Lakini walezi hao walikuwa wachache, walifahamika, na hawakubadilika kila mwezi. Walimjua mtoto kwa jina na kwa ukoo, na kila mmoja wao alikuwa na mtoto mmoja au wawili tu wa kuangalia.

Mtandao huo umelegea. Nyanya yuko mashambani na mjukuu yuko mjini. Dada mkubwa naye yuko shuleni, hasa tangu Januari 2003 serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi na mamilioni ya watoto wakamiminika madarasani. Hilo lilikuwa jambo jema kwa dada, lakini ni wachache waliouliza ni nani angebaki na mdogo wake. Pengo hilo ndilo lililojazwa na 'bebi kea' na yaya.

Huko Marekani, mjadala ulipamba moto mwaka wa 1986. Mwanasaikolojia Jay Belsky aliandika wakati huo kwamba zaidi ya saa 20 kwa wiki za malezi yasiyo ya wazazi katika mwaka wa kwanza zinaweza kudhuru mfungamano wa mtoto na mama yake na kumfanya awe mkorofi baadaye. Alishambuliwa vikali na wengine wakamsifu. Ili kumaliza ubishi, taasisi ya serikali inayoshughulikia afya ya watoto ilianzisha mwaka wa 1991 utafiti mkubwa uliowafuatilia watoto 1,364 kutoka maeneo 10 ya nchi hiyo, tangu kuzaliwa hadi walipofikisha umri wa miaka 15.

Watafiti hawakutosheka na kuwauliza wazazi maswali. Waliketi ndani ya nyumba na vituo wakihesabu: mlezi amemjibu mtoto mara ngapi, amemsemesha mara ngapi, amemtazama usoni mara ngapi. Hiyo ndiyo waliyoiita hali bora ya malezi. Si rangi ya kuta wala wingi wa vidude vya kuchezea.

Matokeo ya kwanza yaliwatuliza wengi. Kulelewa nje ya nyumbani peke yake hakukuharibu mfungamano wa mtoto na mama. Madhara yalijitokeza pale mabaya mawili yalipokutana: mama asiye mwepesi wa kumwitikia mtoto, na juu yake malezi duni, saa nyingi mno, au kuhamishwa kutoka mlezi mmoja hadi mwingine.

Matokeo yaliyofuata yalikuwa na pande mbili. Watoto waliopata walezi wazuri walikuwa mbele kidogo katika lugha na katika uwezo wa kufikiri, na tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana walipofikisha miaka 15. Kwa upande mwingine, waliotumia saa nyingi zaidi katika vituo walikuwa wakaidi na wagomvi kidogo zaidi walipoanza shule, na katika ujana walikuwa wepesi zaidi wa kufanya mambo ya hatari bila kufikiri. Neno 'kidogo' ni muhimu hapa. Wengi wa watoto hao hawakuwa na tatizo lolote. Isitoshe, hali ya nyumbani, yaani elimu ya mama, mapato, na jinsi wazazi wanavyozungumza na mtoto, ilikuwa na nguvu zaidi kuliko kituo chochote. Baba na mama hawapotezi nafasi yao kwa sababu mtoto anashinda kwingine.

Mwili wa mtoto nao umepimwa. Homoni iitwayo kotisoli, ambayo huongezeka mtu anapokuwa katika hali ya wasiwasi, kwa kawaida huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliochapisha matokeo yao mwaka wa 2003, waliona kwamba watoto wadogo wakiwa nyumbani homoni hiyo ilishuka ilivyotarajiwa, lakini siku walizoshinda kituoni, wengi wa wale waliokwisha kuanza kutembea ilipanda kufikia alasiri. Kuwa katikati ya wenzake wengi, wote wakigombea kitu kimoja na mtu mzima mmoja, ni kazi kwa mtoto wa miaka miwili. Hali hiyo hupungua anapokua, na huwa afadhali pale mlezi anapokuwa msikivu.

Maradhi pia huongezeka mwanzoni. Mafua, maumivu ya masikio na kuhara huwapata zaidi watoto wanaoanza kuchangamana na wenzao wakiwa wadogo. Wanapoingia shuleni, hao hao huugua mara chache zaidi kuliko waliokuwa wamefungiwa nyumbani, kwa maana miili yao imekwisha kuzizoea ndwele hizo.

Lakini hakuna mfano unaofundisha zaidi kuliko ule wa Israeli. Katika vijiji vya ujima viitwavyo kibbutz, watoto walilelewa pamoja mchana na walezi waliofunzwa kazi hiyo, na katika vijiji vingi walilala pia pamoja, mbali na wazazi. Usiku waliangaliwa na zamu ya walinzi wachache waliobadilishwa mara kwa mara. Katika baadhi ya vijiji desturi ya kulala pamoja iliachwa, na watoto wakawa wanarudi kwa wazazi jioni. Mwaka wa 1994, Abraham Sagi na wenzake walilinganisha makundi hayo mawili. Malezi ya mchana yalikuwa ya namna moja kwa wote. Hata hivyo, waliolala nyumbani, asilimia 80 walikuwa na mfungamano imara na mama zao. Waliolala katika nyumba ya watoto, ni asilimia 48 tu.

Ina maana kwamba mchana haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa usiku, wakati mtoto alipoamka akilia na akaja mtu asiyemfahamu, au asije mtu kwa muda mrefu. Desturi hiyo ilikoma katika miaka ya tisini, wazazi wenyewe wakiwa ndio walioishinikiza ikome. Kwa mama wa Nairobi anayefanya kazi ya usiku katika hospitali au kampuni ya ulinzi na kumwacha mtoto kwa jirani, habari hizi zina maana kuliko makala mia za kulaumu. Ni afadhali jirani huyo awe mmoja na yule yule.

Sasa lije lile swali la pili: malezi ya nje yamechukua nafasi ya nini?

Mkoa wa Quebec nchini Canada ulianza mwaka wa 1997 kuwapa wazazi nafasi katika vituo kwa dola tano pekee kwa siku. Mpango huo ulipendwa mno, na akina mama wengi wakaingia kazini. Lakini nafasi ziliongezwa haraka, na hali ya vituo haikwenda sambamba na wingi wa watoto. Wanauchumi Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan walipochunguza matokeo mwaka wa 2008, walikuta watoto wa mkoa huo wamezidi kuwa na wasiwasi na ugomvi, na uhusiano wao na wazazi umedorora. Utafiti wao wa pili, uliochapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba athari hizo zilikuwa zimewafuata hadi ujanani.

Mjini Bologna, Italia, vituo vya umma vina sifa nzuri, na mlezi mmoja huwa na watoto wachache. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 uliwakuta watoto wa familia zenye uwezo waliopelekwa huko kabla ya kufikisha miaka mitatu wakiwa nyuma kidogo katika vipimo vya akili walipofikisha kati ya miaka minane na 14, hasa wasichana. Maelezo ya watafiti ni kwamba watoto hao wangebaki nyumbani, wangekuwa na mtu mzima mwenye elimu, mmoja kwa mmoja, akizungumza nao kutwa. Kituo kizuri kilikuwa kimechukua nafasi ya kitu kizuri zaidi.

Kinyume chake kilionekana North Carolina, Marekani. Mradi wa Abecedarian, ulioanza mwaka wa 1972, uliwachukua watoto 111 wa familia maskini, wengi wao weusi. Waligawanywa kwa kura: baadhi walilelewa katika kituo bora mchana kutwa tangu uchangani hadi miaka mitano, wengine hawakulelewa humo. Waliolelewa kituoni walifanya vyema zaidi katika masomo, na walipokuwa watu wazima wengi wao zaidi waliingia chuoni. Nchini Norway nako, upanuzi wa vituo vya watoto wa miaka mitatu hadi sita ulioanza mwaka wa 1975 uliwafanya waliopitia humo wasome zaidi na kutegemea misaada ya serikali kidogo zaidi walipokua.

Asomaye matokeo haya kwa haraka anaweza kudhani yanapingana. Hayapingani. Mtoto ambaye nyumbani hana wa kumsemesha hupata faida kubwa katika kituo chenye walezi wazuri. Aliyeacha nyuma mazungumzo mengi na kuingia katika umati hupungukiwa. Umri nao una sehemu yake. Takriban utafiti wote unakubaliana kwamba kuanzia miaka mitatu hivi, saa chache za kila siku pamoja na wenzake humfaa mtoto wa tabaka lolote. Uchunguzi wa watoto wapatao 3,000 ulioanza nchini Uingereza mwaka wa 1997 uliona zaidi ya hayo kwamba waliokwenda nusu siku walinufaika sawa na waliokaa siku nzima. Mzazi anayejinyima ili mtoto wa miaka minne ashinde chekechea hadi saa kumi na moja jioni, na hali nyumbani kuna mtu, anaweza kuzitumia fedha hizo kwa mengine.

Ushahidi wa karibu zaidi na nyumbani uko Mombasa. Katika miaka ya themanini, jamii za Waislamu wa Pwani zilizokuwa na wasiwasi kwamba watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma katika shule za msingi zilianzisha, kwa usaidizi wa Wakfu wa Aga Khan, chekechea zilizounganisha mafunzo ya dini na michezo ya kujifunzia. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo waliofunzwa kazi, na vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa na mbegu. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda.

Peter Mwaura na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008, waliwalinganisha watoto wa chekechea hizo za Madrasa, wa chekechea nyingine na waliobaki nyumbani katika nchi hizo tatu. Waliokwenda chekechea ya aina yoyote walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Vifuu vya nazi vilitosha kwa sababu alikuwepo mwalimu aliyejua kumuuliza mtoto swali na kusubiri jibu.

Tukirudi katika chumba cha mabati cha Mukuru, hali ni nyingine. Si ajabu kumkuta mlezi mmoja akiwa na watoto zaidi ya kumi, baadhi wakiwa wa miezi minne. Sheria za Uingereza zinamruhusu mtu mzima mmoja kuwatunza watoto watatu tu walio chini ya miaka miwili. Hesabu yenyewe ni rahisi: mlezi mwenye watoto 12, hata asipopumzika, ana dakika tano kwa kila mmoja katika saa. Katika dakika hizo tano kuna nepi, uji, makamasi na machozi. Mazungumzo ndiyo hukosa nafasi. Kumekuwa pia na malalamiko ya watoto kupewa dawa za mafua ziletazo usingizi ili wasisumbue. Mbali na hatari ya dawa yenyewe, mtoto aliyelazwa kutwa hukosa kabisa kile ambacho ubongo wake unahitaji katika umri huo.

Ni rahisi kumlaani mlezi huyo. Lakini ada anayotoza ni ile ambayo mama mfua nguo anaweza kuilipa, na akipunguza watoto hawezi kulipa kodi ya chumba. Na kituo hicho kinachukua nafasi ya nini? Katika nyumba nyingi za mitaa hiyo, kingekosekana, mtoto angefungiwa ndani au dada yake angeacha shule.

Faida kwa mama imepimwa. Shelley Clark wa Chuo Kikuu cha McGill pamoja na watafiti wenzake, wakiwemo wa kituo cha APHRC cha Nairobi, waliwafuatilia zaidi ya akina mama 1,200 wa Korogocho wenye watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Baadhi yao walilipiwa ada ya kituo. Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019, kiwango cha walioajiriwa miongoni mwa waliopewa nafasi hiyo kilikuwa juu kwa pointi 8.5 za asilimia kuliko cha wasiopewa. Akina mama wasio na waume nao waliweza kupunguza saa za kazi bila mapato yao kushuka. Na saa alizopunguza mama ni saa alizoongezewa mtoto.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya 2010 iko wazi. Jedwali lake la Nne linazikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Kaunti nyingi zimejenga madarasa ya chekechea na kuajiri walimu, na hilo ni la kusifiwa. Lakini madarasa hayo ni ya watoto wa miaka minne na mitano. Vituo vya walio chini ya hapo, ambao ndio walio hatarini zaidi, vilisahauliwa, ijapokuwa Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kuvidhibiti mwaka wa 2017. Kulitunga jambo katika sheria ni rahisi kuliko kumtuma mkaguzi vichochoroni, na mkaguzi anayefunga kituo bila kumsaidia mlezi kukiboresha huwasukuma tu watoto kumi katika chumba kingine.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. WHO, kwa upande wake, linahimiza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Miezi mitatu iliyobaki ndiyo hasa humpeleka mtoto mchanga kituoni. Sheria ya Afya ya 2017 iliwataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea, lakini muuza mboga wa Wakulima hana mwajiri, na wanawake wa aina yake ni wengi kuliko wa ofisini.

Kumfunza mlezi si jambo la gharama kubwa. Nchini Jamaica, katika miaka ya 1986 na 1987, wahudumu wa afya wa kawaida waliwatembelea watoto waliodumaa jijini Kingston saa moja kwa wiki kwa muda wa miaka miwili. Waliwaonyesha mama zao jinsi ya kucheza na kuzungumza nao kwa vidude vilivyotengenezwa kutokana na vitu vilivyotupwa. Watoto 129 walihusishwa katika utafiti huo. Miaka 20 baadaye, waliokuwa wametembelewa hivyo walikuwa wakipata mapato ya juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Hakuna sababu ya yaya wa Buruburu au mlezi wa Mathare kushindwa kufunzwa mambo hayo.

Mzazi anayetafuta mlezi, basi, hana haja ya kuvutiwa na picha za ukutani. Na ahesabu watoto na ahesabu watu wazima. Aulize mlezi amekuwa hapo kwa muda gani na aliyemtangulia aliondoka kwa nini, kwa maana kila yaya anayeondoka huondoka na sehemu ya mfungamano wa mtoto. Apite siku moja katikati ya mchana bila kutangulia kutoa habari. Akikuta watoto wote wamelala saa nne asubuhi, au wamepangwa kimya mbele ya runinga, ameona ya kutosha. WHO lilishauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo.

Siku za mwanzo mama au baba akae naye kituoni kwa muda, kisha auongeze muda wa kutokuwepo polepole. Kilio cha asubuhi mtoto anapoachwa, hasa kati ya miezi minane na mwaka mmoja na nusu, si dalili ya malezi mabaya. Huonyesha kwamba anamjua mzazi wake na angependa abaki. La kuangaliwa ni iwapo ananyamaza mikononi mwa mlezi na kugeukia michezo. Na jioni, mlezi aulizwe mtoto amekula nini, amecheka kwa sababu gani, amelilia nini. Mlezi aliyekuwa na mtoto huyo kweli atakuwa na mengi ya kusimulia, kama walivyokuwa nayo akina mama wa Kiganda waliozungumza na Ainsworth.